Kijana Hasomi, au Hatakiwi Kusoma?

Katika mijadala ya elimu nchini Kenya hakosekani mtu wa kusimama na kulalama kwamba vijana hawasomi, kwamba simu imewapumbaza. Kauli hiyo hupigiwa makofi. Mimi naipinga, kwa kuwa si ya kweli na ina wanaofaidika nayo.

Tutazame Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuwa waraka mkavu, uliojaa lugha ya kisheria. Vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwenye TikTok na X kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama zao. Tarehe 25 waliingia Bungeni, na wenzao wakauawa kwa risasi barabarani. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Je, hicho ndicho kizazi kisichosoma?

Adui wa usomaji tumtafute kwingine. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 ndiyo iliyovitwika vitabu kodi ya asilimia 16. Dola inayotoza kitabu kodi haina uso wa kumlaumu kijana aliyekimbilia simu. Na akiandika humo simuni, je? Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa ajili ya chapisho la mtandaoni kuhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Alipelekwa Nairobi, akafia korokoroni. Polisi walidai alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba alishambuliwa.

Uoga huu wa watawala haukuzaliwa na intaneti. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, aliandika kijikaratasi alichokiita *Kenya: Twendapi?* Kilikuwa kifupi, kikali, cha kupitishwa mkono kwa mkono: chapisho lililokosa mtandao tu. Alifungwa miaka mitatu kwa uchochezi. Gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni; mwaka 1973 yakatoka kama diwani, *Sauti ya Dhiki*, ambayo ingali ikisomwa hadi leo.

Hapo pana funzo kwa wanafunzi na wanaharakati. Chapisho huamsha watu kwa siku moja, lakini hukaa kwenye mtambo wa tajiri wa ng'ambo, naye aweza kulifuta apendavyo. Yaliyotukia mwaka 2024 yaandikeni vitabuni, kwa majina na tarehe, kabla waliofyatua risasi hawajawaandikia historia yao.

Nanyi watumishi wa umma mnaoandaa bajeti, iondoeni kodi ya vitabu. Mkishindwa na hilo, basi acheni kutuambia kwamba vijana hawasomi.