Diwali ya Juba iwe ya taa, si ya baruti

Usiku wa Diwali mwezi hauonekani kabisa. Kwa kalenda ya Wahindu sikukuu hii huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, na giza la usiku huo ndilo linalozipa taa maana yake. Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini uliozoea kuishi kwa jenereta na sola, haihitaji kuelezwa giza ni nini. Wahindu waliopo hapa, kuanzia wafanyabiashara hadi askari wa India walio katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNMISS, wana sikukuu ambayo majirani zao wangeielewa upesi. Fataki tu ziwekwe kando.

Kwa Wahindu wengi, hasa wa kaskazini mwa India, Diwali ni kumbukumbu ya mwanamfalme Rama, mkewe Sita na mdogo wake Lakshmana waliporejea mji wao wa Ayodhya baada ya miaka 14 ya kuishi msituni, uhamishoni. Wenyeji waliwapokea kwa safu za taa. Juba inawajua watu wanaorudi. Wapo waliotoka Khartoum kwa matishari ya mto Nile wakati wa uhuru wa 2011, wapo waliotoka kambi za wakimbizi za Uganda na ile ya Kakuma nchini Kenya, na tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 wengine wamevuka mpaka kwa mara nyingine. Mama aliyeondoka na mtoto mgongoni akarudi na mjukuu hahitaji mkalimani wa kisa cha Rama.

Wahindu wa Afrika Mashariki nao wameonja uhamisho. Diwali ya 1972 iliangukia siku chache tu kabla ya 8 Novemba, tarehe ya mwisho aliyoweka Idi Amin kwa Waasia kuondoka Uganda.

Taa yenyewe, diya, ni kitu kidogo: kibakuli cha udongo kinachoenea kiganjani, utambi wa pamba uliosokotwa kwa vidole, na samli au mafuta ya simsim, zao ambalo wakulima wa Sudan Kusini wanalijua vyema. Kabla ya kuwashwa, nyumba imeshafagiliwa hadi uvunguni, na kizingitini umechorwa mchoro wa rangoli kwa unga wa rangi, ili Lakshmi, mungu wa kike wa neema, apate kukaribishwa. Wafanyabiashara wa Kigujarati hufunga hesabu za mwaka na kuviombea baraka vitabu vipya, maana siku inayofuata ni mwaka mpya wao. Kisha sahani za vitamu vya ladu na jalebi huanza kutoka nyumba hadi nyumba.

Wapo watakaosema Diwali bila mlipuko imepooza. Lakini Juba ni mji ambao mlipuko una kumbukumbu zake. Katika mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016 watu wake walilala sakafuni wakisikiliza risasi, na mtoto aliyekuwa na miaka sita wakati ule leo ni kijana anayeshtuka mlango ukibamizwa. Wahindu wenyewe walikuwa humo: Julai 2016 serikali ya India ilileta ndege mbili za kijeshi zikaondoa watu zaidi ya 150, katika operesheni iliyopewa jina la Sankat Mochan, moja ya sifa za Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani aliyemsaidia Rama kumrudisha Sita alipotekwa.

Hata India kwenyewe fataki si kitu kisichoguswa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua zilipuliwe kwa saa mbili tu usiku wa Diwali, kuanzia saa mbili hadi saa nne, kwa sababu ya moshi unaowadhuru watu. Kama mahakama ya huko iliweza kuzipunguza kwa ajili ya mapafu, familia za hapa zinaweza kuziacha kwa ajili ya jirani.

Majirani nao wana la kufanya. Katiba ya mpito ya Sudan Kusini ya 2011 inasema dini zote zitendewe kwa usawa, na sheria ya Kenya inaitambua Diwali kuwa siku ya mapumziko kwa Wahindu. Mwajiri wa Juba anaweza kumpa mfanyakazi wake Mhindu ruhusa ya siku hiyo bila kungoja sheria kama hiyo ya Kenya. Redio za mji zinaweza kumwalika Mhindu mmoja aeleze kwa Kiarabu cha Juba, Kibari au Kiswahili kwa nini nyumba ya pili imepanga taa ukutani, ili sahani ya ladu ikibisha hodi ipokelewe na mtu anayejua imetoka wapi.