Bi Florence na lile ziwa (eti nilitoka nje ya mada)

Najua nimepotea. TP imenibana, si mnajua tena mambo ya kuandika andalio la somo saa sita usiku na mshumaa kwa sababu umeme umekatika. Nipo shule moja ya kata nje kidogo ya mji, nafundisha Historia na Kiswahili, Fomu Tatu, na leo nimekuja na hasira zangu kidogo. Mtanivumilia.

Ilikuwa hivi. Jumanne mhadhiri mmoja alikuja kunikagua, akakaa nyuma kabisa na faili lake. Somo la siku hiyo lilikuwa mawakala wa ukoloni, wale wapelelezi tuliowakariri wote mpaka tukawaota: Livingstone, Stanley, Speke, na Samuel Baker "aliyegundua" Ziwa Albert mwaka 1864. Nikaandika ubaoni kama lilivyo kwenye desa. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Madam, huyo Baker alienda peke yake?"

Na mimi kwa kuwa nilishawahi kupitia habari zake pale maktaba Mlimani (siku hizo nilikuwa nakimbia sapu, mnakumbuka), nikajibu kweli. Nikasema hapana, alikuwa na mwenzake, msichana aliyempata kwenye mnada wa watumwa. Weee! Darasa likalipuka. Wavulana wa nyuma wakaanza, "Bei gani madam?" Mpaka nije kuwatuliza, kengele imelia na Stanley sijamgusa. Kwenye fomu yangu mhadhiri kaandika kwa wino mwekundu: "Mwalimu alitoka nje ya mada."

Sasa wadau, mimi nasema sikutoka. Ile ndiyo mada yenyewe, na kama ningefundisha bila kuigusa ndipo ningekuwa nimetoka. Ngoja niwape kisa halafu mtanihukumu.

Florence alizaliwa Transylvania, ambayo leo ni sehemu ya Romania, akawa yatima baada ya vita vya mapinduzi ya 1848. Mwaka 1859 alikuwa mnadani Vidin, mji wa mto Danube uliokuwa chini ya Waturuki, leo upo Bulgaria. Alikuwa binti wa miaka kumi na kitu. Samuel Baker alikuwa Mwingereza wa miaka 37, mjane, ana mabinti wanne kawaacha Uingereza kwa dada yake. Wengine wanasimulia kwamba alimnunua, wengine kwamba alishindwa bei akamtorosha. Vyovyote vile, aliondoka naye.

Aprili 1861 wakaanza safari kutoka Kairo. Walipanda Nile mpaka Korosko, halafu wakakata Jangwa la Nubia kwa ngamia, maji kwenye viriba, mpaka Abu Hamed. Wakakaa karibu mwaka mzima upande wa mito inayoshuka kutoka Ethiopia, wanajifunza Kiarabu. Wote wawili, siyo bwana peke yake. Desemba 1862 wakatoka Khartoum kwa mashua kwenda Gondokoro, jirani na Juba ya leo. Hapo ndipo Februari 1863 walipowapokea Speke na Grant wakitokea huku kwetu, maana wale walianzia Zanzibar wakapitia Tabora. Speke akawaambia kuna ziwa jingine huko magharibi, yeye hakulifikia. Basi, safari ikapata shabaha.

Baada ya Gondokoro ni milima ya Latuka na Obbo. Farasi wakafa, punda wakafa, ngamia wakafa, ikabidi wapande maksai. Kwinini ikaisha huku homa zinawapiga kwa zamu. Halafu wakaingia Bunyoro, misitu na vinamasi.

Hapa Bunyoro ndipo pana utamu, na ndipo panaponiuma. Mwanzoni mwa 1864 walikuwa wanamwomba Mukama Kamurasi ruhusa ya kwenda ziwani. Siku ya kuagana, mtu waliyedhani ndiye Kamurasi akamwambia Baker: nenda, ila mkeo mwache hapa. (Baadaye iligundulika hakuwa Kamurasi hata kidogo, alikuwa ndugu yake aliyetumwa kujifanya mfalme! Baker mwenyewe kaandika hivyo, na mimi nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikaambiwa nyamaza.) Baker akachomoa bastola. Florence akainuka akamwaka yule bwana kwa Kiarabu. Bwana hajui Kiarabu, lakini palikuwa na mkalimani, mwanamke anaitwa Bacheeta, naye akatafsiri ghadhabu ile yote kwa Kinyoro. Yule bwana akashangaa, akasema hakuwa na nia mbaya, kwani yeye angempa mgeni mke mwingine badala yake.

Huyo Bacheeta alikuwa nani? Mnyoro aliyetekwa utumwani, na Kiarabu alikipata hukohuko utumwani. Hebu tazameni picha ile vizuri. Wanawake wawili, mmoja wa Ulaya mmoja wa Afrika, wote wamewahi kuwa mali ya mtu, wanazungumza kwa lugha ya waliowamiliki wengine, na mada ya mazungumzo ni kama mmoja wao abadilishwe au asibadilishwe. Mnaniambia hiyo iko nje ya mada? Mada ya wiki iliyopita ilikuwa biashara ya watumwa jamani!

Siku chache baadaye, wakivuka mto Kafu juu ya majani yaliyoelea, Florence akaanguka kwa jua kali. Akapoteza fahamu, akabebwa kwenye machela siku baada ya siku. Ilifika mahali watu wao wakatia mpini mpya kwenye sururu na kutafuta pakavu pa kuchimba kaburi. Akaamka. Tarehe 14 Machi 1864 wakalifikia ziwa, naye akateremka ule mteremko kwa miguu akiegemea bega la Baker, akipumzika kila hatua ishirini. Baker akaliita Albert, jina la marehemu mume wa Malkia Victoria. Wenyeji walikuwa wakiliita Mwitanzige zamani, maana yake muuaji wa nzige. Sikilizeni hilo neno, hata mtoto wa darasa la pili wa Kiswahili anasikia nzige wamo humo ndani. Halafu tunaandika ubaoni "aligundua".

Nilipomsimulia mwenzangu wa chumbani akasema, ah, haya ndiyo mapenzi, mimi huyu wangu hata kunisindikiza Mwenge hataki. Nikacheka lakini sikukubali. Baker aliandika kwamba alimsihi mwenzake abaki asije naye huko hatarini, akakataa. Sawa. Angebaki wapi? Kwao hakuna. Uingereza asingeweza kwenda, maana kitabuni Baker anamwita mke wangu lakini ndoa yenyewe walifunga London Novemba 1865, baada ya safari kwisha. Nusu ya watu wangeziba milango. Na kweli, Baker alipewa usa mwaka uliofuata, Florence akawa Lady Baker, ila Malkia Victoria alikataa kumpokea. Miaka minne na nusu ya jangwa na milima na msitu, halafu unaambiwa wewe ingoje nje.

Na maneno yake mwenyewe kuhusu safari hiyo hatuna. Shajara yake iliyochapishwa mwaka 1972 ni ya safari ya pili. Ya kwanza yote tunamsikia kwa kinywa cha Baker, aliyekuwa na sababu zake za kuipamba. Kwa hiyo mtu akiniambia alimpenda, namwambia huenda. Walikaa pamoja mpaka Baker alipofariki 1893, hilo si jambo dogo. Lakini penzi lililoanzia mnadani siwezi kuwapa watoto wa Fomu Tatu kama hadithi tamu, tena darasa ambalo wavulana wameuliza bei.

Wala sitaki tumgeuze Florence kuwa shujaa wetu, kuna watu wakishapata mwanamke kwenye historia wanafunga kitabu. Hiyo safari ya pili, 1869 mpaka 1873, walirudi na jeshi kwa niaba ya mtawala wa Misri. Mei 1872 Baker akapandisha bendera Masindi na kuitangaza Bunyoro ni ya Misri, Juni wakapigana na Kabalega, mtoto wa Kamurasi, nyumba zikachomwa. Florence alikuwepo. Binti aliyeponea mnadani akarudi na bunduki za watu waliokuja kuteka nchi, na njia waliijua kwa sababu ya watu kama Bacheeta. Mimi nikimfundisha, namfundisha na hilo.

Mwenzangu mmoja wa TP kanishauri niache ubishi, niandike "Samuel Baker, 1864" kisha nisonge mbele, maana kwenye mtihani ndicho kinachotafutwa. Ana haki. Wale watoto wanahitaji alama, na mimi nahitaji alama za TP, bumu lenyewe mnajua lilivyo. Nitaliandika hilo jibu ubaoni. Ila sitafuta swali la yule binti, maana baada ya kipindi alinifuata mpaka mlango wa ofisi ya walimu, madaftari kayakumbatia, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Madam, lakini yule dada alitaka kwenda?"

Nimerudi naye Alhamisi, kipindi cha pili baada ya chai. Mhadhiri kasema atakuja tena.

Nawakilisha.