Saba Iliyopigwa Kosa

BARAZANI, na Bi Mwanahamisi

Wiki hii, hapa Tongoni, binti wa darasa la tatu kadhulumiwa mbele ya macho yangu, na aliyemdhulumu analipwa na wazazi.

Nilikuwa nasubiri gari la Tanga. Chini ya mwembe, mwalimu wa tuisheni kaandika ubaoni: 8 + 4 = □ + 5. Watoto wengine wakajaza 12, wakapigiwa vema. Binti akajaza 7. Kosa, tena kwa wino mwekundu, na karipio juu: "Hujasoma wewe!"

Nikasogea. Akaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza saba kaipataje.

"Bibi, huku ni kumi na mbili. Na huku lazima iwe kumi na mbili. Tano ipo, imebaki saba."

Mwalimu akamkatiza: "Nane na nne ni ngapi? Basi!"

Basi nini? Na ile tano aliyoiandika kwa mkono wake kaipeleka wapi?

Alama ya sawasawa si amri ya kutoa jibu. Robert Recorde, aliyeibuni mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa kuwa hakuona vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Huku na huku uzito mmoja, kama mizani ya pweza pale pwani. Al-Khwarizmi wa Baghdad aliiandikia kitabu hesabu ya namna hii tangu karne ya 9.

Tena swali lenyewe si jepesi. Marekani waliwapa watoto 145 wa darasa la sita, matokeo yakachapishwa 1999: hakupata hata mmoja. Wote waliandika 12 au 17. Binti wetu kapata, akaambiwa hajasoma!

Chanzo ni kukariri. Tangu darasa la kwanza kisanduku kinawekwa mwisho, kulia, siku zote. Mtoto anazoea kujumlisha kila anachokiona. Wakifika kidato cha nne wanaanguka Hisabati kwa maelfu, nasi tunasema watoto wa siku hizi wazito.

Wazazi, daftari likirudi na kosa, muulizeni mtoto alifikirije. Akiwa na sababu, mpelekeni kwa mwalimu, aoneshe kosa liko wapi. Mwalimu akishindwa, ile ada ya wiki mnunulieni mtoto samaki.