Maji ya Kiongoroni na Haki ya Aliye Chini ya Mto

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Zanzibar ilikwisha kutangulia mwaka 2006. Hatua hizo zilikuwa za kheri, na athari yake ilionekana masokoni. Hata hivyo, katazo la mwaka 2019 halikugusa chupa za maji, wala halikuweza kurudisha kile kilichokwisha kuingia mitoni. Yatupasa basi kulitazama suala hili kutoka pale mto unapoishia.

Kiongoroni ni kata ya wilaya ya Kibiti, katika delta ya Rufiji. Mto huo hukusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu, kutoka bonde la kilometa za mraba zipatazo 177,000. Taka inayotupwa mtaroni Ifakara imo katika njia ya kuelekea huko. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, laweza kunasa sehemu yake, lakini Utete na Ikwiriri ziko chini ya bwawa hilo.

Plastiki haiozi kama jani la mkoko. Jua huidhoofisha, maji huisaga, nayo humeguka hata ikawa chembe zisizofikia milimita 5. Nyavu za nailoni nazo huchakaa majini vivyo hivyo. Mizizi ya mikoko hutega tope, na pamoja na tope hutega chembe hizo. Na humo ndimo kamba wachanga wanamopata chakula. Ikifikia hali hiyo, hakuna mkono uwezao kuiokota.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 juu ya sangara na sato walionunuliwa Mwanza ulithibitisha plastiki matumboni mwa samaki 1 kati ya 5 wa kila aina. Ziwa Victoria si Rufiji, lakini hapana shaka chembe hizi zimekwisha kufika katika kitoweo cha nchi yetu.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba ushahidi wa madhara yake katika maji ya kunywa haujatosha kutolea hukumu, na kwamba vijidudu vya maradhi ndivyo hatari kubwa zaidi. Papo hapo lilitaka uchafuzi huu upunguzwe. Kwa hiyo hatumtishi mtu aache kisima chake. Twasema tu kwamba uchafu wa pili usiongezwe juu ya wa kwanza. Mafuriko ya Aprili 2024 huko Rufiji na Kibiti yatukumbushe: maji yakifurika, jalala, choo na kisima huwa kitu kimoja.

Wanazuoni wa fiqhi tangu kale wamezungumzia mkondo unaotumiwa na wengi: aliye juu hutangulia kunywesha shamba lake, kisha humwachia jirani wa chini. Wakaweka pia harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo haifai mtu kulifanyia jambo la kukidhuru. Maji yanayoachiwa jirani yakiwa na taka zetu, haki yake imetimizwa vipi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Halmashauri zilizo juu ya mto ziulizwe taka zao zinaishia wapi, na maji ya delta yapimwe chembe hizi mara kwa mara. Mashimo ya taka yawekwe mbali na visima. Nasi tunaogawa maji ya chupa katika maulidi, futari na harusi, turudi kwenye mitungi na vikombe.

Mataifa yalikubaliana Nairobi, Machi 2022, kuandaa mkataba wa plastiki. Kikao cha Geneva cha Agosti 2025 kilimalizika bila mapatano. Mvua za masika hazingoji mikataba. Chupa iokotwayo leo mtaroni bado ni chupa moja. Ikifika Kiongoroni itakuwa chembe zisizohesabika, na anayezinywa hakuitupa.