Mama Mwenye Kisukari Asikalishwe Tu

Mama mkwe akiwa na kisukari, mara nyingi tunamnyang'anya hata ufagio. Ni upendo, lakini misuli inayofanya kazi ndiyo inayotumia sukari ya damu. Daktari akikubali, tumwache atembee baada ya chakula, dakika 10 kwanza, akiongeza polepole hata afikie dakika 150 kwa juma. Kama anachoma insulini, asitoke na njaa, na peremende ziwe pinduni mwa kanga: akitetemeka na kutokwa na kijasho chembamba, asimame, ale papo hapo. Asitembee peku, hata uani. Mguu wenye ganzi hausikii mwiba, na kidonda kidogo chaweza kuleta kukatwa mguu. Jioni mjukuu amtazame nyayo.