Mfereji wa Panama: Waliotia Sahihi na Waliohamishwa

Wako watu wasemao kwamba kazi za mainjinia si mambo ya siasa. Ati siasa ni ya jukwaani, na mto na jabali na saruji ni vya wataalamu, basi mwananchi anyamaze awaachie wajuao. Sisi hatukubali. Atakaye ushahidi na autazame Mfereji wa Panama, ule uliokata shingo ya Amerika ukaunganisha bahari mbili.

Wa kwanza kuja walikuwa Wafaransa. Bwana Ferdinand de Lesseps alikwisha pata sifa duniani kwa Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1879 ukafanyika mkutano mkubwa Paris chini yake, ukaamua kwamba Panama nako uchimbwe mfereji ulio sawa na bahari, kama Suez. Lakini Suez ni mchanga na tambarare. Panama ni milima na msitu, na mto Chagres ambao mvua ikinyesha hufura ghafula ukachukua kila kilicho mbele yake. Alikuwamo mkutanoni injinia mmoja, Godin de Lépinay, aliyesema: uzuieni mto, fanyeni ziwa, zipandisheni meli kwa vyumba vya maji vyenye milango, kama mtu apandavyo ngazi. Hakusikilizwa. Kampuni ikavunjika mwaka 1889. Watu wapatao 20,000 walikwisha kufa, wengi kwa homa ya manjano na malaria, na Wafaransa wengi wenye kipato kidogo wakapoteza akiba zao. Fahari ya mzee mmoja hiyo.

Wakafuata Wamarekani. Mwaka 1901 tume yao ilipendekeza njia ya Nicaragua, kwa kuwa kampuni ya Kifaransa iliyorithi mali ya Panama ilikuwa ikitaka dola milioni 109. Kusikia hivyo kampuni ikashusha bei mpaka dola milioni 40, na mwezi Januari 1902 tume ile ile ikageuka ikaiona Panama kuwa bora. Milima haikusogea, mito haikubadilika. Kilichobadilika ni bei. Tena alikuwapo Bwana Philippe Bunau-Varilla, injinia wa zamani wa Wafaransa mwenye hisa zake katika kampuni hiyo, aliyewagawia maseneta stempu za posta za Nicaragua zenye picha ya mlima wa volkeno ukitoa moshi, wapate kuogopa. Baraza la Seneti likachagua Panama. Hao ndio wataalamu tunaoambiwa tusiwaulize.

Panama wakati huo ilikuwa sehemu ya Colombia. Mwezi Agosti 1903 Seneti ya Colombia iliukataa mkataba wa mfereji, nayo ilikuwa haki yake. Tarehe 3 Novemba Panama ikajitenga, na manowari ya Kimarekani ilikuwa imekwisha tia nanga Colón. Siku kumi na tano baadaye mkataba mpya ulitiwa sahihi Washington. Aliyetia sahihi kwa niaba ya Panama ni nani? Ni Bunau-Varilla yule yule, Mfaransa! Wajumbe wa Panama walikuwa njiani, wakafika saa chache baada ya wino kumwagwa. Ndani ya mkataba Marekani ilipewa ukanda wa maili kumi kwa upana, utawale kana kwamba nchi ni yake, na muda wake ni milele. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa mikataba ya namna hiyo.

Ndipo likarudi swali la Paris: sawa na bahari, au ngazi za maji? Mwaka 1905 baraza la mainjinia 13 liliitwa, na 8 wakasema sawa na bahari. Lakini injinia mkuu John Stevens alikuwa ameuona Chagres kwa macho yake ukiwa umefura, naye akasimama upande wa wale wachache. Rais Theodore Roosevelt akamwunga mkono, na mwezi Juni 1906 Seneti ikapitisha ngazi za maji kwa kura 36 dhidi ya 31. Twasema bila kificho kwamba uamuzi huo ulikuwa sahihi. Chagres uliokuwa adui ulizuiwa kwa ukuta wa Gatún ukawa ziwa, kiasi cha mita 26 juu ya bahari, na maji ya mvua ndiyo yapandishayo meli hata leo. Daktari William Gorgas akawapiga vita mbu, homa ya manjano ikatoweka. Meli zikaanza kupita tarehe 15 Agosti 1914.

Lakini ziwa halikai hewani. Palikuwa na miji na vijiji, mashamba na reli. Mwaka 1912 Rais Taft alitoa amri, na wenyeji wa ukanda ule wakaondolewa, hata katika sehemu zisizofikiwa na maji. Hakuna aliyewapigia kura. Na wachimbaji, wengi wao watu weusi wa Barbados na Jamaica, walilipwa kwa fedha wakati Wamarekani weupe wakilipwa kwa dhahabu, na kila kitu kikagawanywa hivyo, mpaka madirisha ya posta.

Wapanama hawakusahau. Tarehe 9 Januari 1964 wanafunzi walikwenda kupandisha bendera ya nchi yao ndani ya ukanda ule, na katika ghasia zilizofuata Wapanama zaidi ya ishirini waliuawa. Mwaka 1977 Jenerali Omar Torrijos na Rais Jimmy Carter wakatia sahihi mikataba mipya, na adhuhuri ya tarehe 31 Desemba 1999 mfereji ukawa wa wenyewe.

Hapa ndipo tunapotaka wenzetu wasikilize vizuri. Kila meli ipitayo milango ya zamani humwaga baharini kiasi cha lita milioni 200 za maji matamu, na ziwa hilo hilo ndilo liwanyweshalo watu wa miji ya Panama na Colón. Ukame wa mwaka 2023 ulipunguza meli kutoka 36 hivi kwa siku mpaka karibu 22. Kwa hiyo wakuu wa mfereji wanataka kuuzuia mto mwingine, Río Indio, na wakulima wa bonde lile wanakataa kuhamishwa.

Tunajua hoja itakayotolewa. Mwezi Januari 1925 imepita karne nzima, watasema, lakini Januari 2025 Rais Donald Trump alitangaza kwamba Marekani itauchukua tena mfereji, basi huu si wakati wa kugombana nyumbani. Sisi twaona kinyume. Wapanama walipotaka kuongeza milango mikubwa mwaka 2006 waliitisha kura ya wananchi wote, na ikapita. Mkulima wa Río Indio hadai zaidi ya hayo: aketi mezani kabla ya ramani kuchorwa, aambiwe shamba lake litalipwa nini na atapewa ardhi wapi, na jibu lake likiwa hapana, liandikwe hapana.