Dau la Mnyonge, Upepo wa Ziwa na Ghorofa za Kisumu

Wahenga walinena kuwa dau la mnyonge haliendi joshi. Aghalabu tunapoichambua methali hii darasani, tunaukimbilia unyonge na kulisahau joshi, yaani upande wa chombo unakotoka upepo. Ndugu msomaji, naomba tulirejee joshi, kwani Kisumu inalihitaji.

Kisumu, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2001, imeketi kwenye Ghuba ya Winam. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huingia kuijaza nafasi iliyoachwa. Usiku mambo hugeuka. Jioni, upepo wa ziwa unapokutana na ule utokao mashariki, dhoruba na radi huzuka. Katika njia ya pepo hizo yamesimama majengo marefu ya jiji, kama vile Reinsurance Plaza na Prosperity House.

Jengo refu linapokarabatiwa, likavishwa vioo, likaongezwa ghorofa au likatwikwa bango paani, hesabu ya upepo hubadilika. Upande wa joshi husukumwa. Upande wa demani, ubavuni na paani, huvutwa nje. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huongezeka mara nne. Ndiyo maana wahandisi huunda kielelezo kidogo cha jengo na majirani zake, wakakipulizia upepo wa feni handakini kabla ya kuamua.

Wapo watakaodai kuwa hayo ni ya wahandisi, na kwamba Kiingereza kinawatosha. Siafikiani nao. Mwaka 1978, mjini New York, mhandisi William LeMessurier alihofia kuwa viungo vya jengo la Citicorp Center, lenye ghorofa 59, visingehimili upepo mkali unaolikabili kwenye pembe. Viungo hivyo viliimarishwa kwa kulehemiwa usiku, na umma haukuujua ukweli wote hadi mwaka 1995. Jengo liliokolewa, ila waliopita chini yake walinyimwa haki ya kujua.

Kwetu ukweli huweza kufichika bila ya mtu kuuficha. Yatosha uandikwe kwa lugha asiyoielewa vyema fundi anayefunga kioo, wala mama anayeuza samaki chini yake. Ilhali Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na ikautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa.

Istilahi tunazo: joshi, demani, tufani, kisulisuli. Mabaharia wa pwani walizitumia tangani kabla yetu kuzikariri. Zinazopungua tukazitafute kwa wavuvi wa Dunga, wanaousoma upepo huu kila siku. Idara zetu na zile za uhandisi ziketi pamoja, ili kila ripoti ya upepo iwe na muhtasari wa Kiswahili, nao ubandikwe langoni pa jengo. La sivyo, tutabaki mabingwa wa kufafanua methali, na mnyonge atabaki chini ya kioo asichoelezwa habari zake.